Alama ya Mkono Wako Kitale

Kuka, babu yangu mpendwa,

Mulembe, salamu za amani kutoka Kitale! Dada yangu Nekesa akusomee kadi hii kwa sauti, wote nyumbani wasikie.

Jana mvua ilinikimbiza barabarani, nikajibanza kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya Wahindi. Huko nikakuta kibanda cha udongo kilichojaa magunia ya mahindi. Mwenyewe, Mhindi mmoja mzee aitwaye Jivan, akatoka na mwavuli.

"Unatafuta nini huku?"

Nikamwambia natoka Bungoma, najikinga mvua tu.

"Bungoma! Hii ndiyo duka yangu ya kwanza. Mtu ya huko alinijengea, wakati hapa ni nyasi tu. Jina yake Wafula, kidole moja hakuna."

Kuka, nusura niruke! "Huyo ni babu yangu," nikasema, "na yuko hai!"

Basi akasogeza magunia kwa mikono yake mwenyewe, akanionyesha ukuta. Alama ya kiganja chako ingali pale kwenye udongo, vidole vinne. Nikaweka mkono wangu juu yake, machozi yakanitoka. Kisha tukanywa chai ya tangawizi mpaka mvua ikakatika, huku akinisimulia ulivyokuwa ukiimba ukikanda udongo.

Miaka yote ulituambia ulijenga duka Kitale kabla ya reli kufika, nasi tukakucheka. Nisamehe, Kuka. Jumamosi nakuja na Mzee Jivan kwa gari lake, anasema lazima akusalimu mwenyewe. Mwambie bibi yetu, Kukhu, achinje yule jogoo mkubwa.

Mjukuu wako akupendaye,
Simiyu