Safari Wanayoiita Likizo

Mama Atu,

Wanasema nakwenda likizo. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Mimi ambaye juzi nilishindwa kufika bombani bila kushikwa mkono, eti nakwenda kula Krismasi Malawi, kule Karonga, kando ya ziwa. Binti yako alifika kutoka Mbeya akiwa na habari hiyo mdomoni kabla hata hajatua mkoba. "Baba, mwaka huu tunakupeleka likizo nje ya nchi. Umefundisha jiografia maisha yako yote, Ziwa Nyasa umelichora ubaoni mpaka chaki zikaisha, na mguu hujatia." Nikamwambia miguu yenyewe imevimba, viatu havinitoshi. Akasema, "Nani kakwambia ziwani watu wanaingia na viatu?"

Unanijua. Mtu akinipa kitu ambacho sikukiomba, nakigeuza kwanza kukiangalia chini. Na hiki nilianza kukigeuza siku ileile.

Siku ya tatu akaja fundi cherehani kunipima koti. Siwezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo Atu akamwambia, "Mpime tu hapohapo alipolala." Nikalala chali, mikono ubavuni, fundi akaivuta futi yake kutoka begani mpaka kifundoni. Mama Atu, mtu hupimwa amelala kwa ajili ya nini? Nikamuuliza, "Fundi, koti gani hilo linafika miguuni?" Akasema anapima na suruali. Sikumwamini.

Kisha ikawa simu. Atu huenda kuongea na simu nyuma ya jiko, pale ulipokuwa ukianika vyombo, akidhani masikio yangu yamekufa pamoja na magoti. Nilimsikia vizuri kabisa. "Hajui kitu. Akijua hatapanda gari."

Nilirudi kitandani nimeshika ukuta. Hajui kitu gani? Labda ni hospitali, kwa maana daktari wa moyo siku hizi ananiambia maneno machache mno, anampa Atu yaliyobaki huko nje kwenye korido. Labda ni shamba. Unalikumbuka lilivyo, limegusana na barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa, na hapa Ilula kila mwenye tenga la nyanya anatamani kipande cha barabarani. Tangu tukuzike pale mwisho wake kuna watu wamekuwa wakiliulizia. Nikaona wananitoa waliuze, ili nikirudi nisiwe na pa kufikia. Niliwaza hayo siku nne nzima, nikawa namtazama mwanangu anavyonikorogea uji kama mtu anayemtazama karani asiyemwamini.

Siku ya tano ya mashaka hayo nikaona gauni. Begi la Atu lilikuwa wazi kitandani kwake, na juu ya nguo zake kulikuwa na gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, mtindo wa zamani, mabega yamesimama. Nililijua kabla sijaligusa, kwa sababu pacha wake tulikuzika nalo.

Hapo mashaka mengine yote yakaniondoka, likabaki moja tu. Atu anajua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii, na tangu zamani kabla ya barua hii.

Mwaka ule Atu alipokuwa kidato cha pili, dada yako Tusekile alikuandikia. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, hukohuko Karonga, na hamkuwa mmeonana tangu harusi yetu. Alitaka mle Krismasi pamoja. Ulishughulikia pasipoti, ulichomwa sindano ya homa ya manjano ukapewa kadi yake, ulinunua majani ya chai na maharage kutoka Igowole, ukashona magauni mawili ya kitenge kimoja, lako na la dada yako. Ulikuwa unaimba huku unapiga pasi. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na sita, na sikuwahi kukusikia ukiimba huku unapiga pasi.

Ulipokwenda mashineni kusaga, niliisoma barua yako. Mwishoni Tusekile aliandika kwamba yule mwalimu wa kwaya aliyekuwa Tukuyu sasa yuko Karonga, na bado anakuulizia. Sentensi moja. Kwa sentensi hiyo nilijenga nyumba nzima, nikamweka yeye sebuleni na wewe jikoni, mnaishi. Niliona wazi kwamba hutarudi.

Kesho yake, siku moja kabla ya basi, nilitoa pasipoti kwenye mkoba wako. Nikashusha picha ya harusi yetu kule chumbani, nikang'oa ubao mwembamba wa nyuma, nikaiweka katikati, nikarudishia kwa misumari minne ya viatu. Haikunichukua muda wa kusahihisha daftari moja.

Ulitafuta siku tatu. Uligeuza magodoro. Ulimwaga unga wa ulezi kwenye ungo ukaupekua kwa vidole. Mwisho ukajilaumu mwenyewe, ukasema labda uliichoma na takataka ulipofagia. Na mimi nilikusaidia kutafuta. Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe. Niliinama na tochi chini ya kitanda, picha ikiwa juu ya kichwa changu, nikasema, "Huku hakuna, Mama Atu."

Masika hayajaisha ikaja barua nyingine. Tusekile amefariki, na alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Nikakuambia tutafute pasipoti nyingine uende kuhani. Ulikuwa unachambua maharage, hukuinua uso. "Basi, Mwalimu. Nilikuwa nakwenda kwa mtu."

Hukuitaja Karonga tena. Wala mimi.

Jumanne hii Atu alikwenda Iringa mjini, ofisi ya uhamiaji, kufuatilia hati yangu ya kusafiria. Anapaka rangi sebule kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo picha zote zilikuwa zimeshushwa, zimeegemezwa ukutani. Ya harusi ilikuwa ya mwisho. Nikakaa sakafuni. Kukaa si kazi, kuinuka ndiyo shughuli. Nikaigeuza. Mtu wa mashaka kama mimi, aliyekuwa akigeuza kila kitu, kile kimoja sikuwahi kukigeuza tangu siku ile. Niliogopa hata kukipangusa vumbi.

Misumari yangu haikuwepo. Ubao ulikuwa umebandikwa kwa karatasi ya gundi ya kahawia, kuukuu, imekauka kingoni. Niliichana kwa kisu cha mkate. Ndani hapakuwa na kitu.

Atu alinikuta hapo.

"Nani kachukua?" nilimuuliza. Hata salamu yake sikuijibu.

Hakuuliza kachukua nini. Alivua viatu, akakaa sakafuni mbele yangu kama alivyokuwa akikaa nilipokuwa nikimfundisha kusoma ramani.

"Mama. Zamani, Baba. Kabla sijaolewa."

Ndipo akanieleza, Mama Atu, na mimi nikasikiliza habari za nyumba yangu kama mgeni. Tulipokuwa tunapaka chokaa kwa ajili ya send-off yake, kioo cha picha kilipasuka. Mlikwenda pamoja naye kwa fundi wa fremu pale sokoni Iringa. Fundi akafungua nyuma, akatoa kile kitabu, akakipuliza vumbi, akacheka. "Mama, wenzenu wanaficha hela, nyie mmeficha safari!" Ulikifungua, ukaitazama picha yako, ukakitia kwenye mkoba. Njiani kurudi alianza kulia, ukamwambia, "Nyamaza. Baba yako ana sherehe ya kusimamia."

Siku hiyo naikumbuka. Ulirudi na picha ina kioo kipya. Hukuirudisha chumbani. Uliitundika sebuleni, mbele ya kiti changu, nikauliza kwa nini pale, ukasema, "Hapa pana mwanga mzuri." Na wageni walipoisifia, ulikuwa unasema, "Mwalimu anaitunza mno hiyo, hataki hata mtu aishike." Wageni wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Nilidhani unanisifu.

Nikamuuliza Atu swali moja. Kama mama yako aliipata, na alijua haikupotea kwa uzembe wake, kwa nini hakutafuta nyingine akaenda kuhani? Miaka ilikuwepo, nauli ilikuwepo.

"Kwa sababu yako," akasema.

Nilikuwa nimesahau desturi ya ukoo wenu. Aliyekosa mazishi anaweza kuja hata baada ya miaka mingi, lakini akifika anakaa chini kwenye mkeka mbele ya watu wote, na kabla hajapewa maji ya kunawa anaulizwa kwa nini hakuja. Sharti aseme. Atu anasema ulimwambia hivi: "Nikisema ilipotea, nimemdanganya dada yangu kaburini. Nikisema ilikuwa wapi, nimemvua baba yako nguo mbele ya shemeji zake. Bora wanione mimi sina utu."

Ndivyo walivyokuona mpaka ulipofariki. Waliokuja kukuzika kutoka ng'ambo walikuwa wawili tu, na walikaa pembeni. Nilidhani ni ugeni.

Na lile neno la simu nalo nimelielewa. Atu alikuwa akiongea na mtoto wa Tusekile. Wewe ndiye uliyempa kazi hii, ukiwa hospitali, wiki ile ya mwisho. Ulimkabidhi pasipoti na gauni la dada yako, ukamwambia, "Mpeleke akaseme yeye. Ila usimwambie mnakoelekea, atasema kifua kinabana."

Na kweli, kifua kilinibana hapohapo sakafuni. Nikashika kifua, nikasema, "Atu, kifua." Atu akanitazama, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka pamoja naye. Kisha sikuweza kuacha kulia, naye akaninyanyua.

Kwa hiyo sikukosea. Likizo haikuwepo. Nilichokosea ni kudhani wanataka kunichukulia kitu.

Lakini umeniachia mashaka mapya, Mama Atu, na haya hayana mtu wa kumuuliza. Zaidi ya miaka ishirini, kila asubuhi uliniletea chai kwenye kile kiti. Uliniwekea kikombe, ukasimama kidogo, ukaitazama ile picha, ukasema "Haya, Mwalimu," ukaenda zako. Kila asubuhi. Sasa nazipitia asubuhi zile moja moja. Ulikuwa unaningoja? Ile nukta uliyosimama ilikuwa yangu, niseme, na mimi nikawa naomba sukari? Au ulikuwa unaniadhibu, ukitaka ninywe chai yangu mbele ya kosa langu mpaka nife? Nyakati nyingine nakuona ulikuwa mwema kuliko nilivyostahili. Nyakati nyingine nakuona ulikuwa mkali kuliko hakimu, na huo wema ndio ulikuwa fimbo. Nimeishi na wewe miaka yote hiyo nikidhani mwenye siri ndani ya nyumba ni mimi.

Yule mwalimu wa kwaya, Atu ameuliza kwa niaba yangu, maana nilimlazimisha. Alikuwa mzee wakati ule, akafa kabla ya Tusekile. Alikuulizia kwa sababu ulikuwa na daftari lake la nyimbo.

Tunaondoka Ijumaa. Tutalala Mbeya kwa Atu, kwa sababu siwezi kukaa garini siku nzima, kisha Tukuyu, kisha Kasumulu mpakani. Koti limekuja na, nimeshamwomba fundi radhi, linaishia kiunoni. Gauni la Tusekile limekunjwa juu ya nguo zangu. Atu amenunua majani ya chai na maharage ya Igowole, nikamwagiza apime kiasi kilekile ulichobeba wewe. Pasipoti yako amenipa mimi. Muda wake ulikwisha zamani, na hakuna ukurasa hata mmoja wenye mhuri. Nimeiweka mfuko wa ndani, upande ambao moyo unasumbua.

Sijui kama huo moyo utafika. Ukiniona nimetokea kwako kabla ya Karonga, usinifungulie. Nirudishe njiani.

Nikifika, nitakaa kwenye mkeka ambao ungekaa wewe. Sitagusa maji. Wakiniuliza kwa nini mke wangu hakuja kumzika dada yake, nakuahidi, sitasema ilipotea. Nitaitoa mfukoni niwaonyeshe, na nitataja misumari ilikuwa mingapi.

Kwenye fomu ya uhamiaji, panapoulizwa sababu ya safari, Atu aliandika "matembezi". Alitaka kurudi mjini ikabadilishwe, nikamkataza. Pale mpakani afisa atasoma neno hilo, atanitazama na fimbo yangu, ataniuliza, "Mzee, unakwenda kutembea wapi?" Nitamjibu mwenyewe kwamba siendi kutembea, nakwenda kuhani. Atanipa pole, kisha ataniuliza msiba ni wa lini.

Hapo ndipo nitaanzia.

Kwaheri, Mama Atu. Chai ya kesho nitainywa nimesimama.

Mumeo,
Mwalimu