Mkoromo wa Baba

Magamba,
Lushoto.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tobia,

Marahaba. Nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua ungekuwa hapa mlangoni ungekwisha kuniamkia na kuuliza kama kuna chai. Chai ipo. Habari za Mpanda, na joto la huko, na hilo lori lako? Wifi yangu Janeth na mwanenu Yusta hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Ukungu umetukalia tangu wiki iliyopita, kabichi zimefunga vizuri, na miguu ya mama inamsumbua asubuhi tu kukiwa na baridi.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekutumia ujumbe wa sauti kila uchao. Hapa nyumbani simu inashika mtandao barazani peke yake, na barazani anakaa mama. Haya ninayokuandikia sitaki ayasikie, ingawa yote anayajua.

Ni habari za Yona wangu. Unakumbuka tulipompa jina la baba, Yonathani, mama alianza kumwita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu. Tulicheka wote. Kisha alipoanza darasa la kwanza akaanza kukoroma, na haukuwa mkoromo wa mtoto mwenye mafua. Ulikuwa ule wa baba, Tobia. Unapanda, unakwaruza, unakatika, nyumba nzima inanyamaza, halafu unarudi kwa kishindo. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa namenya viazi jikoni, kisu kikanidondoka.

Mama alikuja na kigoda chake akakaa karibu na mtoto. Tangu hapo Yona akirudi shule na kula, analazwa kwenye kochi la baba, na mama anakaa kando yake, amefumba macho, anasikiliza. Nilimwona akitabasamu, na tangu mazishi ya baba sikuwa nimemwona akitabasamu vile. Ningemnyimaje? Siku moja mtoto aliamka, mama akamsalimia kwa Kishambaa kama alivyokuwa akimsalimia baba akiamka pale pale mchana: "Onga mshi, Baba Evodia." Mtoto wangu akaitikia kuitwa baba yangu, kumbe amekwisha kuzoea. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba.

Mwalimu wake, Paskalina, ndiye aliyeniita. Yona anasinzia darasani, meno yanapandana, na akila hindi la kuchoma analia kwamba taya linauma. Nikampeleka kwa daktari wa meno hapa Lushoto, naye akatuandikia twende Moshi. Tukashuka Mombo tukapanda basi, mtoto amelala mapajani mwangu mdomo wazi njia nzima, na abiria wa mbele anageuka kutazama kila pumzi inapokatika.

Daktari wa Moshi ni mama mmoja mpole, kazi yake kupanga meno na taya. Alinionyesha kwa kioo kidogo. Kaakaa la Yona ni jembamba na limepanda juu, ulimi hauna pa kukaa, taya la chini limerudi nyuma, na huko nyuma tonsesi na nyama za puani zimeziba njia. Akilala, koo linajifunga. Ule ukimya tunaousubiri upite, alisema, ni mtoto anakosa hewa.

Akaniuliza nani mwingine kwetu anakoroma hivyo. Nikasema baba. Akauliza baba yuko wapi, nikamweleza alivyofariki. Aliweka kalamu chini. Akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima, na sikumwomba aseme zaidi.

Wewe ulikuwa shule ya bweni, na nadhani hukuwahi kusimuliwa. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, tumekula. Baba akalala kwenye kochi lake. Unajua mwiko wa nyumba yetu, mkubwa akilala haamshwi, hata mgeni awe mchungaji, atasubiri barazani na chai yake. Tulikuwa tukiusikia mkoromo tunatembea kwa vidole. Siku ile ulikatika, na kama kawaida tukangoja urudi. Mama aliweka kidole mdomoni akatuambia tumwache apumzike. Tukamwacha. Hata vyombo tuliogopa kuviosha.

Basi niliporudi kutoka Moshi nikamwambia mama kwamba Yona atafanyiwa upasuaji, nyama na tonsesi zitolewe, kisha awekewe kifaa cha kupanua kaakaa. Nikamwambia akipona hatakoroma tena. Mama akasema, "Mnataka kunizikia mtu mmoja mara mbili?"

Nilikasirika, Tobia, sikufichi. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Alikataa mtoto apelekwe Moshi, akamkataza mume wangu Alen, akasema ukoo mzima umekoroma na umelima na umezaa. Na Alen, unavyomjua, mbele ya mama mkwe hana kauli.

Nilijikaza. Mchana mmoja, Yona amelala na mama amekaa amefumba macho kama kawaida yake, nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, leo usisikilize. Mtazame." Hakupenda, lakini akafumbua. Pumzi ikakatika. Akaiona shingo ya mtoto inavyojinyoosha, kifua kinavyobonyea ndani, tumbo linahangaika na hakuna kinachoingia, midomo inabadilika rangi. Kumbe miaka yote ile, ya baba na ya mtoto, alikuwa anasikia tu.

Mama akamshika Yona mabega akamtikisa. Mama yetu, Tobia, aliyekuwa akitufinya tukipiga chafya mtu amelala. Alimtikisa mpaka mtoto akaketi analia. Kisha akanigeukia akaniuliza taratibu, "Na baba yenu alikuwa hivi?" Nikamfuta mtoto machozi. Hakuuliza tena mpaka leo.

Upasuaji ulikwenda salama. Kifaa kimeshawekwa, ni waya na kaplastiki juu ya kaakaa, nami nakikaza kwa kifunguo kidogo kama nilivyofundishwa. Kinamuuma kidogo, anadeka sana, lakini darasani yuko macho, na Mwalimu Paskalina sasa analalamika kwamba ana maneno mengi.

Analala kimya kabisa. Nilidhani nitafurahi, na kweli nimefurahi, lakini ukimya huu una uzito wake. Mama huzima redio, anaingia sebuleni, anaweka kiganja puani mwa mtoto, anatoka. Baada ya muda kidogo anarudi. Hata mimi nikiwa jikoni najikuta nimesimama na mwiko mkononi, nangoja kishindo ambacho hakiji. Ni sasa tu baba ameondoka humu ndani.

Sasa ni wewe. Janeth ameniambia, na usimgombeze, mimi ndiye niliyemchimba. Anasema unakatika pumzi mpaka anakusukuma, unaamka kichwa kinauma na taya limekaza, na juzi ulisinzia ukiwa kwenye usukani. Tazama kioo, mdogo wangu. Taya hilo ni la baba. Nenda hospitali ukapimwe usingizi. Daktari alisema kwa watu wazima ipo mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, na wengine hupewa kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya mbele. Utafanana na kituko, Janeth atacheka, mwache acheke.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mama amejua unakuja Krismasi. Jana alilifuta kochi la baba, akasema wewe ukifika usilale chumba cha wageni, mchana utalala pale. Kigoda chake amekwisha kukiweka kando ya kochi. Sijui anataka kukusikiliza au kukuamsha, nami sina moyo wa kumuuliza.

Msalimie sana Janeth, mbusu Yusta. Alen anakusalimu, na Yona anasema umletee asali ya huko. Mungu aliyetupulizia pumzi na ailinde yako, mchana na usiku, njiani na nyumbani.

Njoo, Tobia. Ila uje umeshatibiwa, ulale kwenye kochi la baba, na mama akae kando yako asisikie kitu.

Dada yako akupendaye,
Evodia