Kiwembe Kimoja Kimebaki

S.L.P. 61,
Hlotse, Leribe,
Lesotho.
14 Septemba 2019

Mpendwa mpwa wangu Tlotliso,

Pokea salamu za mjomba wako, pamoja na za mipichi iliyochanua wiki hii bila kumwomba mtu ruhusa. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha mvua za Dublin kimekuachia? Na hao wagonjwa wako hospitalini wanakupa hata nafasi ya kula? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mama yako ni mzima wa mwili, ila bado amevaa nyeusi, na hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Kwanza nikushukuru tena kwa ule wembe ulionitumia Krismasi ya mwaka juzi. Nilikucheka, usidhani sikukucheka. Mpini wa chuma, brashi ya manyoya, sabuni ya bakulini! Nikasema mtoto kaenda Ulaya kunitafutia vitu vya marehemu babu yake, vile alivyorudi navyo kutoka migodini. Nikautupa kabatini, nikaendelea na nyembe zangu za plastiki zenye makali matatu. Shingo yangu unaikumbuka, vipele vitupu, kama kuku aliyenyonyolewa.

Siku moja nyembe za plastiki zilipoisha dukani, nikautoa. Weee! Niliubonyeza kama nilivyozoea, nikachuruzika damu mpaka sikioni. Mama yako akanikuta mlangoni nimebandika vipande vya gazeti kidevu kizima. "Kaka, umepigana na paka, au siku hizi unasomea gazeti kidevuni?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba yako, wakati huo mzima kabisa, ndiye aliyenihurumia. Aliniambia chuma kina uzito wake, kazi yangu ni kukiongoza tu.

Basi nikajifunza. Maji ya moto kwanza, na kitambaa usoni hadi ngozi ilainike. Brashi naizungusha kwenye sabuni mpaka povu liwe zito kama uji. Wembe naulaza, siubonyezi, naufuatisha kule nywele zinakoelekea. Vipele vikahama. Wajane wa kanisani wakaanza kunisalimia mara mbili mbili. Najisifu, ndiyo, nivumilie.

Januari, tulipomzika baba yako nawe umekwama huko bila karatasi za kusafiria, ikafika siku ya kunyoa wafiwa. Kazi hiyo unajua ni ya mjomba. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nachemsha maji, na baba yako mdogo Molefi, na haraka zake, akamleta kinyozi wa saluni na mashine ya umeme. "Shemeji, kaa hapo tumalize, watu wana njaa." Mama yako akainuka kwenye kiti. "Kwani na kaka yangu mmemzika?" Molefi mwenyewe ndiye aliyekwenda kuichomoa ile mashine ukutani.

Nikamnyoa dada yangu kwa wembe wako. Nikakumbuka maneno ya baba yako, nikauacha uzito wa chuma ufanye kazi, na halikutoka hata tone la damu. Mvi zake zikawa zinaangukia kwenye shuka, ndugu yako Relebohile akizikusanya, maana nywele za mfiwa haziachwi zikapeperuka ovyo. Kisha nikamnyoa na Relebohile naye. Nikasema haya, nimemaliza. Mama yako akakipapasa kichwa chake kitupu, akasema, "Hujamaliza. Bado mmoja."

Sasa baridi imepita, na wakati wa kuvua nyeusi umepita pia. Kondoo tuliyemchagua kwa siku hiyo amenenepa mpaka anatembea kwa shida. Mama yako hataki. Havui mpaka watoto wake wote wanyolewe kwa mkono wangu. Kwa hiyo haendi harusini, haimbi kwaya, jua likizama yuko ndani. Na unajua yule mwanamke anavyopenda kuimba! Jumapili namwona kakaa benchi la nyuma, midomo inamchezacheza. Inaniuma, Tlotliso.

Tulikaa kikao. Molefi akasema ujinyoe mwenyewe huko, tukuone kwenye simu, mambo yaishe. Mama yako akamtazama. "Simu ina mikono?" Alipoondoka, wazee wakanituma nikuandikie namna ya kujinyoa kichwa taratibu, ili akija kujua, jambo liwe limekwisha. Ndiyo maana nimekueleza habari za maji ya moto na povu. Nimetumwa, nimefika.

Yanayofuata sikutumwa. Relebohile ameniambia karatasi zako zilitoka tangu Juni. Kumbe kinachokushika ni aibu, kwamba watu walitupa udongo kwenye kaburi la baba yako nawe hupo. Jamani, mwanangu, nani kakulaumu? Si mimi. Si Molefi, na yule hulaumu hata mvua. Mama yako akiulizwa habari zako husema, "Yuko njiani." Anasema hivyo tangu Januari.

Relebohile anakusalimu, na usimgombeze kwa kunipa siri yako. Molefi anakusalimu, hataki tena kusikia habari za mashine. Bibi yako Matumelo anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia mboga za majani, au unaishi kwa mkate. Mungu akufunike, akufungulie njia, na mvua za watu zisikuingie kifuani.

Nilitaka kusahau. Vile viwembe ulivyonitumia pamoja na mpini havipatikani hapa mjini. Nimevitumia, kimebaki kimoja, kiko ndani ya karatasi yake. Tangu nilipobaki nacho hicho sijagusa kidevu changu. Ndevu zimejaa, nyeupe, zinawasha, na wale wajane hawanisalimii tena hata mara moja. Mama yako aliniuliza hicho kiwembe namwekea nani. Nikamwambia yuko njiani.

Wako akupendaye, mwenye ndevu kwa ajili yako,
Mjomba Seabata