Mulango Wenye Niliacha Wazi

Papa,

Sasa hivi Naomi amekamata chupa ya plastiki yenye haina kitu, ameniwekea mudomo ya chupa pa shavu yangu, ameibana na mikono yote mbili. Fuu! "Mama, mupepo!" Kiisha ameangalia yulu, kwenye malata, ile mabati ya nyumba, ilikuwa, sasa kunabakia bashe tu, ile turubai ya bluu, akaniuliza: "Na ile mupepo ya siku ile, nani alibana?"

Njo maana ninakuandikia.

Ni wiki moja tangu mupepo ikamate malata yetu. Mvula ya kwanza ilikuwa haijafika, jua ilikuwa inachoma mutaa yetu yote ya Katuba, hata udongo ilikuwa inaunguza miguu. Kambo Feza, ule mumama muzee wa parsele, ile kiwanja ya pembeni, alichungulia juu ya ukuta: "Weye mama Naomi, toa manguo! Ile mawingu ya leo itaondoka na malata ya muntu!" Nilikimbia kwenye kamba. Sijamaliza kukusanya, nyumba ikalia po! Malata ikaruka, ikaanguka mu barabara. Mungu ni mwema, hapana muntu aliumia.

Lakini tangu siku ile mama mukwe wangu hanyamaze. Anasema Kambo alijua mbele juu ni yeye alituma ile mupepo kwa uchawi. Pa bomba ya maji bamama banamuachia nafasi, na si juu ya heshima. Leo baba Naomi na bandugu yake bamemuita hapa kwetu. Banataka ahame.

Papa, unakumbuka ule muntu mwenye alikuletea kinga yake, ile baiskeli, analalamika kama jirani amemulogea pine, ile tairi, kila asubui anaikuta imelala bila mupepo? Ulipitisha kidole mule ndani pole pole, ukamuwekea musumari mu mukono. "Tata, mulozi wako njo huyu. Umusalimie." Hata yeye alicheka. Kila mara ulisemaka: kwanza tutafute musumari.

Na mupepo ulinifundishaka pa mbabula ya mama, ile jiko ya makaa. Ulishika manyoya ya kuku karibu na matundu ya chini, moto ikaivuta ndani. "Angalia. Hewa ya moto iko nyepesi, inapanda. Pale chini presio, ile nguvu ya kubana, inapunguka, ile ya baridi yenye iko na uzito inakimbia kuingia. Inatoka kwenye kunabana, inaenda kwenye kumelegea. Hapana muntu anaituma." Kiisha ukafungua valvu ya pine, ukaniambia niweke kidole. Baridi! "Hewa ikipata fasi ya kupanuka, inapoa. Yenye inapanda mu yulu inafanya vile vile. Inapoa, maji yenye ilibeba inaonekana. Njo mawingu ile." Miye nilifika mwaka wa ine wa primere tu, ile shule ya musingi, lakini ile nilishika.

Basi Kambo hakutuma kitu. Aliona jua, aliona mawingu inavimba, ameshazeeka na mvula mingi. Ile yote naweza kuisema.

Kuko ingine yenye siwezi.

Siku ile nilitoka mbio, niliacha mulango ya mbele wazi kabisa. Dirisha ya nyuma ilikuwa imefungwa. Mupepo iliingia, ikakosa kwa kutokea, nyumba ikajaa kama pine yenye banapompa kupita kipimo, na kule yulu ya malata mupepo ingine ilikuwa inapita mbio, inavuta. Ulinionyaka, Papa: "Mupepo ikikuja, funga kwenye inaingilia." Nilijua. Nilikimbilia manguo.

Nimekaa na ile neno wiki muzima. Nikiisema, mama mukwe atasema nimebomolea mutoto wake nyumba. Atanirudisha wapi, Papa? Tangu ulikufa, kwetu haiko tena. Pale kwenye kona ulikuwa unatengenezea bakinga, sasa banauza makala ya mbabula. Kwangu kunabakia pompi yako tu, inaninginia ku ukuta, Naomi anaisalimia kama muntu.

Baba Naomi eko na roho muzuri. Pengine ataniangalia, kiisha ataenda kutafuta nyundo ya kurudisha malata. Ninatumaini vile.

Jibu ya Naomi nimeipata wakati naandika: ni jua njo ilibana: ilipandisha hewa ya moto, ile ya baridi ikakimbia kuingia. Nitamuambia. Na yeye nitamufundisha kufunga mulango.

Ulale muzuri, Papa yangu. Hapa nakupatia neno langu: hapana muntu atafukuzwa juu ya musumari yenye miye najua fasi iko.

Mama mukwe analalamika kule inje: "Mama Naomi! We mama Naomi! Bantu bote bamefika, eko anaandika!" Naona Kambo anaingia na fimbo yake. Hapana muntu anamupatia kiti. Nitamupatia yangu, juu miye nitasimama, na nitabaambia kama ule mulango, ni miye mwenye niliacha…