Mashine ya Aikande Haiamki

Jumatatu, 10 Juni
Nimewasha mashine, nikaenda kukamua ng'ombe. Nimerudi na maziwa, bado inafunguka. Aikande amekaa mbele yake kama anangoja mgonjwa aamke.

Kompyuta kuukuu. Tulipewa na mjomba wake, anapandisha wageni mlimani. Mwanangu mkono wa kulia haushiki kalamu tangu azaliwe. Mwalimu kasema akijua kuchapa shule ikifungua, ataandika kwa mashine. Asipojua, anarudia darasa.

Marehemu mama yake angejua la kufanya. Mimi najua jembe.

Alhamisi, 13 Juni
Ukungu kutwa. Migomba haionekani. Aikande anabonyeza herufi, inakuja baadaye sana, kama mwangwi wa korongoni. Halafu mashine inaganda.

Nimeota mama yake anapita migombani. Anauliza mtoto ameandika nini. Nikaamka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimefanya ujinga. Baridi kali. Pikipiki ya jirani haiwaki mpaka ipate joto, nikajua na hii ni hivyo hivyo. Nikaiweka karibu na mafiga, pale tunapomlaza ndama akizaliwa siku ya baridi.

Aikande akapiga kelele, "Baba, unaichoma!"

Nikamfokea. Nikasema mashine haina shida, mzito ni yeye. Neno baya. Kona moja imeyeyuka. Bado inawaka.

Jumapili, 16 Juni
Hajaigusa tena. Chakula anaonja tu.

Nimeenda kaburini kwa mama yake, nikakata jani la isale. Huku kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye lazima asamehe. Ila ni mambo ya watu wazima. Baba kumpelekea mtoto sijasikia. Nikaliweka juu ya kompyuta, nikatoka.

Akanifuata bandani. "Baba, hili ungempa kompyuta. Ndiye uliyemchoma."

Tukacheka. Nimelia kidogo pia, nyuma ya ng'ombe.

Jumanne, 18 Juni
Sijaenda kibaruani. Tumeshuka Moshi mjini, kompyuta kwenye kikapu, nimeifunika majani ya mgomba. Fundi ni binti, ana kibanda nyuma ya soko. Akanipa shikamoo, akafunua.

"Mzee, umeniletea kompyuta au ndizi?"

Nikamweleza yote, hata ya mafiga. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe mashine haiumwi. Mtoto naye si mzito. Programu ya kuandikia ndiyo nzito, ni ya mashine za siku hizi. "Umembebesha mbuzi gunia la kahawa," kasema. Akaitoa, akaweka nyingine ndogo. Haina madoido. Ukurasa mweupe tu. Umeme ukikatika, maneno yanabaki.

Aikande akabonyeza A. Ikatokea hapo hapo. Akanitazama.

Jumamosi, 22 Juni
Anachapa kwa mkono wa kushoto. Nimejilaza barazani. Sauti ya vibonye kama mvua ndogo juu ya migomba. Nasinzia. Mama yake amesimama mlangoni, kanga begani, anasikiliza. Sikumsemesha, asije akaondoka.

Jumatatu, 1 Julai
Shule imefunguliwa. Nimechungulia dirishani. Mwalimu kasoma alichochapa Aikande, kamwonyesha dawati lake, harudii darasa. Wenzake wakasogea. Lile jani limekauka, amelibandika kwenye kona iliyoyeyuka.

Nikaenda kuchimba mfereji. Ukungu umeondoka. Mlima umetoka wote, mweupe, haujaandikwa kitu.

Mara moja moja naacha jembe, nasikiliza. Shule iko mbali. Nasikiliza tu.