Baba Brigita, Umetufutia Safari Yetu

Baba Brigita,

Nimekwenda Nanganga kumwangalia mama, anaumwa. Ugali nimeufunika, kisamvu ukipashe moto.

Asubuhi Brigita kawasha gemu letu, hakuna kitu! Umefuta pale tulipofikia ili upate nafasi ya kusevu gemu lako la mpira. Halafu unamjibu mtoto, "Gemu gani la kusoma maneno, halina hata goli?"

Mwanao alikuwa ananitafsiria kila neno la Kiingereza. Tumetembea na wale watu wa kwenye gemu tangu kijiji chao kilipochomwa, mpaka tukawajua tabia.

~~Usiiguse tena ile mashine.~~ Jioni kaa na Brigita, muanze upya, akutafsirie na wewe. Goli ukishashangilia limekwisha. Mimi yule binti aliyekuwa anawatibu alipokufa, nililia mpaka ukaja kuniuliza ni msiba wa nani.

Mama Brigita