Kihamba Chetu na Uraia Wako

Kirua Vunjo,
Moshi.
10 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Praygod,

Shikamoo yako ya Krismasi niliipokea, ila mtandao ulikata kabla sijaitikia, basi marahaba yake ndiyo hii, nimekutumia kwa barua. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo unaendeleaje, na ile kazi ya kuwanyanyua wazee wa watu vitandani? Na binti yetu Joyness, meno ya mbele yameshaota? Mwambie shangazi yake bado anangoja picha akiwa na pengo, hiyo ya meno kamili siitaki.

Sisi tunaamka. Mama goti linamsumbua na anatembea kwa fimbo, ingawa akiona kuku wameingia kwenye mboga fimbo anaisahau. Ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hiyo usiniulize habari za maziwa ya baadaye. Jua ni kali, mfereji umebaki na maji ya kulowesha nyayo tu, na kihambani migomba ya chini imeanza kukunja majani. Tunangoja masika.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua kama tuko enzi za baba, wakati simu ninayo. Kwenye lile kundi la ukoo wamo wote, na siku hizi sijui nani anasoma kwa niaba ya nani. Nikikupigia, mama yuko pembeni ananivuta kanga nisiseme. Nimempa Beatrice, yule mtoto wa jirani yetu Filemon, anayerudi huko kwenye masomo yake ya uuguzi. Isome ukiwa umekaa.

Praygod, kihamba kimeondoka.

Unakumbuka ulimpigia mama kabla ya Mwaka Mpya, ukamwambia maombi yako ya uraia yamekubaliwa, sasa unangoja kuitwa ukakabidhiwe cheti. Mama alilia kwa furaha. Alichosikia yeye ni kitu kimoja tu, kwamba mwanawe hatafukuzwa tena. Miaka yote anajua habari za kibali chako kinachokwisha na kuombwa upya, za foleni ya ofisi ya wageni, za yule karani asiyeinua macho. Anajua na ile ya uwanja wa ndege, Joyness alipopitishwa mlango wa wenye nchi na mama yake, wewe ukaambiwa ukapange mstari wa wengine, mtoto akalia akidhani baba amekamatwa. Hiyo ameisimulia mpaka kwa anayekuja kuchukua maziwa.

Basi Jumapili ya shukrani akafanya kama tunavyofanya wote huku tukibarikiwa. Akaleta mkungu wa ndizi mshare na jogoo, akasimama mbele ya usharika mzima, akasema, "Namshukuru Mungu, mwanangu Praygod sasa ni Mjerumani." Vigelegele vikapigwa. Baada ya ibada mkungu ukanadiwa pale nje kama kawaida, na aliyepandisha bei mpaka wenzake wakamwachia, huku akicheka na kumpa mama mkono wa pongezi, ni baba mdogo Eliufoo. Nikafurahi, nikadhani moyo wake umelainika tangu tumzike baba. Kumbe mzee wa watu alikuwa anachangamkia ushahidi.

Hata wiki haikuisha tukaitwa kikao cha ukoo, nyumbani kwake. Aliongea taratibu kama anayesoma somo la kanisani. Kwamba kihamba cha baba, nyumba pamoja na shamba lake la migomba na kahawa, ni cha mziwanda, hilo halina ubishi, na mziwanda ni wewe. Lakini mtu akichukua uraia wa nchi nyingine, nchi yetu inamtoa, na asiye raia hamiliki ardhi hapa. "Sheria sikuitunga mimi," akasema. "Na mama yake mwenyewe ametangaza mbele ya madhabahu."

Nikasimama nikasema cheti bado hujakabidhiwa. Akanigeukia akaniuliza, "Kwa hiyo mama yako amedanganya kanisani?" Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia fimbo yake. Nikakaa chini. Ndivyo kihamba kilivyopewa mwanawe Given, ambaye jembe kwake ni kitu cha kuegemea akipiga simu.

Jina langu halikutajwa kabisa. Mimi niliyerudi hapa baada ya kufiwa na mume, ninayepalilia ile kahawa, ninayemkatia ng'ombe majani na kumwogesha mama, sikuwa hata kwenye hesabu ya wa kukataliwa. Wamesema mama akae nyumbani mpaka Mungu atakapomwita. Kwa hiyo na mimi sasa naishi hapa kwa kibali, mdogo wangu, na kibali changu ni pumzi za mama. Sasa ndiyo nakuelewa.

Nilishuka mjini, nikamwona wakili mmoja pale Njoro. Aliniambia kosa la baba mdogo ni haraka tu. Siku utakayopokea cheti ndiyo siku utakayoacha kuwa Mtanzania, na kabla ya siku hiyo bado una haki ya kudai. Kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko yote. Wajerumani siku hizi hawamlazimishi mtu kuacha uraia wa kwao. Wao wamesema kaa na vyote viwili. Tunaokuambia uchague ni sisi. Wakati wa kurudi nikapita pale kwenye hoteli ya yule mzungu, kaburi la bibi yake haliko hapa wala hajui mfereji unatoka wapi, ila ana karatasi za uwekezaji na mlinzi aliyenikagua mkoba nilipoomba maji ya kunywa.

Najua utasema, basi cheti nakiacha. Nimelipima hilo mpaka kichwa kimeuma. Tunasikia redioni mna uchaguzi mwezi huu, na wapo wanaoomba kura kwa kuahidi kuwaondoa wageni. Wewe unawalisha wazazi wao kwa kijiko, na kura huna. Umeniambia mtoto ndiye anayekushikilia kibali huko tangu muachane na mama yake. Sawa, lakini mtoto anakua, na kibali kina tarehe ya mwisho. Uje udai migomba hapa na Given, na Joyness abaki upande ule wa mlango akikungoja?

Kuna jambo jingine la kikao sijakuambia. Uliwahi kumsimulia mama kwamba huko kaburi ni la kukodi, na muda ukiisha pasipo wa kulipia wanaliondoa, wazikwe wengine. Ulikuwa unamsimulia habari za wazee wako wa kazini, lakini yeye alikuona wewe. Tangu hapo hana raha. Basi pale kikaoni, watu walipokuwa wanajiandaa kuondoka, alisimama akaomba kitu kimoja tu, ile nafasi ya kando ya kaburi la baba aliyokuwekea. Wazee wakanong'onezana. Baba mdogo akajibu kwa upole kabisa, "Hiyo nani atamnyima? Maiti haulizwi pasipoti."

Wote wakaitikia, wakaenda kunywa mbege wakijiona wametenda wema. Mimi sikunywa. Ndugu zako, Praygod, wamekukataa ukiwa hai na kukukubali ukiwa maiti. Nina hasira nao mpaka leo, na Jumapili tunakaa benchi moja na kupeana mkono wa amani.

Basi mimi dada yako nasema, siku ukiitwa, nenda kachukue hicho cheti. Vaa lile koti lako la harusini, umshike Joyness mkono, na usiangalie nyuma mbele ya mtoto. Nimekutunzia kihamba nikijua siku moja utakirudia, nisikufiche kwamba nililia. Lakini njoo mama angali anatuona. Uwanjani watakugongea muhuri wa mgeni, wakuulize unafikia kwa nani. Taja jina langu.

Wanakusalimu Mama Filemon, mwinjilisti Ebenezeri na shemeji Monica. Anti Loveness anauliza kama huko wameshakufundisha kupika, maana mtori wako wa mwisho tulimpa mbwa.

Beatrice atakupa na mfuko wa kahawa. Hiyo ni ya kwenye mistari yako ya mibuni, tuliivuna kabla ya kikao. Ndani yake utakuta jani la isale limefungwa fundo. Fundo amelifunga mama mwenyewe kwa vidole vyake vile visivyokunjika, na jani amelikata kwenye mpaka wa kihamba, alfajiri, Given asimwone. Huhitaji nikueleze kwamba huku kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nimeona ndugu wakipelekeana, nimeona majirani. Mzazi kumpelekea mwanawe sijawahi kuona, wala yeye hajawahi. Anaamini amekiuza kihamba chako kwa mkungu wa ndizi, na tangu kikao hajasimama tena kanisani kutoa shukrani.

Litakuwa limekauka litakapokufikia. Mpigie simu hivyo hivyo. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya yote, mwambie tu limefika.

Mungu wa baba akulinde kwenye mlango wowote utakaopitishwa.

Dada yako asiyechoka kukupenda,

Evaline